Maoni Yetu: Anayechanganya gundi zinazojulikana aonyeshe jipya

Uji wa unga wa muhogo hushikamanisha vumbi la mkaa. Molasi ya kiwanda cha sukari nayo hushikamanisha. Mtu akizichanganya mbili hizo, akashindilia briketi zake na kwenda kuomba hataza ya miaka 20, apewe? Sisi tunasema asipewe, mpaka aonyeshe kwa vipimo kwamba mchanganyiko wake umezaa jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingelitarajia. Akilionyesha, apewe haki yake, wala asinyimwe kwa kisingizio kwamba kila alichotumia kinauzwa sokoni.

Msimamo huu una pande mbili, nasi tunazishika zote. Upande mmoja unawalinda akina mama na vijana ambao tayari wanachanganya gundi hizi nyuma ya nyumba zao, wasije wakaamka siku moja na kuambiwa kwamba mapishi yao yana mwenyewe. Upande wa pili unamlinda mtafiti aliyehangaika hadi akapata kitu cha kweli, asiambiwe kwa mkato kwamba muhogo ni muhogo tu.

Wapo watakaoona hili ni suala la mawakili. Sivyo. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Mkaa mbadala umo katika mjadala huo. Vikundi kote Afrika Mashariki vinachoma pumba za mpunga, vifuu vya nazi, maganda ya kahawa na mabaki ya miwa, kisha vinatafuta namna ya kuyashikisha. Mabaki yapo tele na mashine za kushindilia huchongwa na mafundi wa mitaani. Kinachobaki ni gundi. Atakayemiliki gundi kisheria atakuwa ameshika shingo ya biashara nzima.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu hukumu ya hataza hutegemea kwanza ufahamu wa kazi. Vumbi la mkaa lina udhaifu mmoja: halishikani lenyewe. Vumbi la mbao likibanwa kwa nguvu na joto kali hujigandisha, kwa kuwa lignini iliyomo ndani ya mti hulainika na kufanya kazi ya gundi. Mkaa umekwisha kuungua, na lignini yake imeondoka na moto. Ndiyo maana kila mtengenezaji hutafuta kitu cha kuushika.

Wanga ndio unaopendwa zaidi. Uji wa muhogo unapopata joto la nyuzi kati ya 60 na 70 hivi, punje za wanga hufyonza maji, huvimba na kutoa ute unaonata, na ute huo ukikauka huwa mgumu. Kwa kawaida wanga wa asilimia 4 hadi 8 ya uzito hutosha. Kasoro zake zinajulikana: briketi ikilowa humomonyoka, ikikaa kwenye unyevu huota ukungu, na unga wenyewe ni chakula cha watu. Molasi haiondoi ugali mezani, lakini huhitajika kwa wingi zaidi, na briketi zake hutoa moshi unaowasha macho zisipokaushwa kwa joto kwanza. Udongo wa mfinyanzi ni wa bei ndogo, ila hauungui. Hubaki majivu na kupunguza moto. Utomvu wa mgunga hushika vizuri, lakini una wanunuzi wengine wenye fedha zaidi, wakiwemo watengenezaji wa soda na wa dawa.

Fundi anayeyajua haya yote hahitaji mtu wa kumwambia achanganye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Unga ukipanda bei ataupunguza na kuongeza molasi. Moshi ukizidi atapunguza molasi na kurudisha unga. Wateja wakilalamika kwamba briketi zinavunjika njiani, ataongeza udongo kidogo. Kupima na kupunguza namna hii ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Serikali ikimpa jirani yake haki ya pekee juu ya jambo hilo, itakuwa imemnyang'anya fundi huyu kazi aliyokwisha kuijua.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya 2001, Sheria ya Hataza ya Tanzania ya 1987 na Itifaki ya Harare ya 1982, ambayo shirika la kikanda la miliki ubunifu la Afrika, ARIPO, huitumia kutoa hataza kwa nchi wanachama, zote zinaweka masharti matatu. Uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Masharti hayo yamo pia katika mkataba wa TRIPS wa 1994 wa Shirika la Biashara Duniani.

Mchanganyiko wenye kipimo maalumu cha wanga na molasi unaweza kuvuka sharti la kwanza bila shida, kwani huenda hakuna aliyewahi kuandika gramu zile zile. Sharti la tatu halina ugomvi, maana briketi zinatengenezeka na zinauzika. Vita vyote viko kwenye sharti la pili. Hapo sheria inauliza kama uvumbuzi huo, ukilinganishwa na kila kilichokwisha kujulikana kabla ya siku ya maombi, ungekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo.

Mtu huyo ni wa kufikirika, lakini sifa zake ziko wazi. Anajua yote yaliyoandikwa na yanayofanywa katika fani yake. Ana mikono mizuri, anaweza kurudia jaribio kwa utaratibu na kubadili vipimo hadi apate kinachofaa. Asichokuwa nacho ni jicho la mvumbuzi. Akiweza kufika kwenye uvumbuzi ule kwa ujuzi wa kawaida pekee, basi hakuna hataza. Mkaguzi anayesahau sifa za fundi huyu hukosea kwa njia mbili: akimfanya mjinga mno, kila mchanganyiko utaonekana ni uvumbuzi, akimfanya bingwa wa kupindukia, hakuna uvumbuzi utakaobaki.

Marekani imelipitia swali hili zamani, na uzoefu wake unafaa kusomwa hata kama hautufungi. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa za Forodha na Hataza ya nchi hiyo iliamua shauri la Kerkhoven, lililohusu sabuni za unga. Mwombaji alikuwa amechanganya sabuni mbili za unga ambazo aina zake zilijulikana. Mahakama ikashikilia kanuni ambayo wakaguzi wanaitumia hadi leo: vitu viwili ambavyo kila kimoja kinajulikana kwa kazi fulani, kuvichanganya ili vifanye kazi ile ile ni jambo dhahiri kwa kuanzia. Sababu ya kuvichanganya haihitaji kutafutwa mbali, imo katika matumizi yake yenyewe.

Kanuni hiyo inalingana kabisa na gundi za mimea. Wanga hushika, molasi hushika, utomvu hushika. Anayevichanganya ili vishike hajatufundisha kitu kwa kule kuchanganya tu. Lakini maneno "kwa kuanzia" yana uzito wake. Yanamaanisha kwamba mzigo wa ushahidi umehamia kwa mwombaji, naye bado anao mlango wa kuutua: aonyeshe kwamba mchanganyiko umefanya zaidi ya jumla ya sehemu zake.

Mahakama Kuu ya Marekani imelinda mlango huo. Mwaka 1966, katika shauri la Adams, ilithibitisha hataza ya betri iliyotumia magnesi na kloridi ya shaba, ikiamshwa kwa kutiwa maji. Vitu vyote hivyo vilijulikana. Hata hivyo, vilipokutana vilifanya kazi kwa namna ambayo wataalamu walioiona kwanza hawakuiamini. Kutoamini kwao kulikuwa sehemu ya ushahidi kwamba jambo hilo halikuwa dhahiri. Mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex kuhusu pedali za magari, mahakama hiyo hiyo ilisema mambo mawili ambayo yangefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya hataza. La kwanza, kuonyesha tu kwamba kila sehemu ya uvumbuzi ilikwisha kujulikana hakutoshi kuthibitisha kwamba uvumbuzi ni dhahiri, kwa kuwa karibu kila uvumbuzi hujengwa kwa vitu vilivyokuwepo. La pili, sehemu zinazojulikana zikiunganishwa kwa njia zinazojulikana na kutoa tu matokeo yanayotabirika, hapo hakuna cha kulindwa.

Ofisi ya Hataza ya Ulaya nayo hufika pale pale kwa njia yake. Wakaguzi wake hawatosheki kuuliza kama fundi angeweza kuchanganya. Angeweza kuchanganya chochote. Wanauliza kama angefanya hivyo kweli, akiwa na tatizo lile mbele yake na akitarajia nafuu ile. Swali hili ni zuri kwa sababu linamlazimisha mkaguzi aonyeshe kilichokuwa kinamsukuma fundi kuelekea kwenye jibu.

Sasa tuutazame mfano mmoja wa gundi ya mimea uliovuka mtihani huu, maana bila mfano kanuni hubaki hewani. Tangu miaka ya 1920, viwanda vya plaiwudi vya kaskazini-magharibi mwa Marekani vilitumia gundi ya unga wa soya. Ilikuwa ya bei nafuu na ilishika, lakini haikuvumilia maji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda viliiacha na kukimbilia gundi za fomaldehaidi. Gundi hizo zilikuwa imara, ila gesi yake huvuja kidogo kidogo ndani ya nyumba. Katika miaka ya 1980 serikali ya nchi hiyo ilikwisha kuweka mipaka ya uvujaji huo katika nyumba zinazotengenezwa kiwandani, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likatangaza kwamba fomaldehaidi husababisha saratani kwa binadamu.

Katika miaka hiyo yote, viwanda vya karatasi vilikuwa na dawa yao, aina ya resini ijulikanayo kwa kifupi kama PAE, inayofanya karatasi laini isichanike ikilowa. Hataza za mwanzo za resini hiyo zilitolewa mwaka 1960. Kwa hiyo soya ilijulikana, na PAE ilijulikana. Kichwani mwa nani viliunganishwa?

Kaichang Li, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, aliwatazama kome wanaong'ang'ania mawe ya pwani huku wakipigwa na mawimbi. Akajiuliza protini yao ina nini ambacho protini ya soya haina. Kutoka hapo alitafuta namna ya kuipa soya uwezo wa kushika ndani ya maji, na resini ya karatasi ikamfaa. Kampuni ya Columbia Forest Products ilianza kuitumia gundi hiyo katika plaiwudi yake mwaka 2005. Mwaka 2007 hataza ilitolewa, na mwaka huo huo mtafiti huyo, kampuni hiyo na kampuni ya kemikali ya Hercules walipata tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia isiyoharibu mazingira.

Mpinzani atasema: karatasi ni mti na plaiwudi ni mti, dawa inayozuia maji kwenye kimoja ingejaribiwa tu kwenye kingine. Hoja hiyo ina nguvu, na mkaguzi mwema lazima aipime. Lakini jibu lipo. Vitu viwili vilikaa jirani zaidi ya miaka 40. Hitaji lilikuwepo kwa sehemu kubwa ya muda huo, maana malalamiko juu ya fomaldehaidi hayakuanza jana. Viwanda vilikuwa na fedha na wakemia. Jambo lililo dhahiri kweli halikai miaka mingi hivyo bila kuokotwa, huku wenye kulihitaji wakipita juu yake. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya kuchanganya na kuvumbua: PAE haikuongezwa kama gundi ya pili kando ya gundi ya kwanza. Iliigeuza soya ikafanya jambo ambalo ilikuwa imeshindwa kwa miongo.

Tunaongeza tahadhari moja. Muda mrefu peke yake si ushahidi. Huenda jambo halikufanywa kwa kuwa hakuna aliyelihitaji, au kwa kuwa njia nyingine ilikuwa ya bei rahisi. Ukubwa wa hitaji ndio unaoupa muda uzito. Mwombaji wa Morogoro au Kisumu atakayesema "hakuna aliyewahi kuchanganya hivi" aulizwe mara moja: nani alikuwa anatafuta, na kwa nini hakupata?

Je, ushahidi wa kutosha unaonekanaje? Tuurudie mfano wa briketi. Mwombaji alete vipimo vya briketi za aina tatu: za wanga peke yake, za molasi peke yake, na za mchanganyiko wake. Jumla ya gundi iwe sawa katika zote tatu. Vumbi liwe lile lile, unyevu ule ule, mashine ile ile, siku za kukausha zile zile. Kisha azidondoshe kutoka kimo kimoja ahesabu zilizovunjika, azitumbukize majini apime muda wa kumomonyoka, azichome apime joto, moshi na majivu.

Mchanganyiko ukiangukia katikati ya wanga na molasi, hilo ndilo fundi angelitarajia, na maombi yakataliwe. Ukivipita vyote viwili kwa kiasi kinachoonekana, na fani ilikuwa haijui sababu ya kutarajia hivyo, mwombaji amefika. Vivyo hivyo ikiwa mchanganyiko umefuta kasoro ambayo kila mtu aliichukulia kuwa haiepukiki, au ikiwa vitabu vya fani vilionya kwamba viungo hivyo viwili haviendani naye akaonyesha kwamba vinaendana. Alinganishe pia na pishi la karibu kabisa linalojulikana, asichague adui dhaifu ili ashinde kwa urahisi.

Halafu kuna hatari ya upana wa madai. Hapa ndipo ulafi hujificha. Mtu amejaribu unga wa muhogo na molasi kwa kipimo kimoja, kisha kwenye karatasi ya maombi anadai "mchanganyiko wowote wa gundi mbili au zaidi zitokanazo na mimea". Amepima shamba moja, anadai wilaya nzima. Madai ya namna hiyo yangefunga hata tanini ya miwati inayolimwa Njombe, ambayo gundi zake za mbao zina historia ndefu kusini mwa Afrika, na hata michanganyiko ambayo hajawahi kuigusa. Haki ienee pale tu matokeo ya kushangaza yalipoonekana. Nje ya hapo abaki kila mtu huru.

Hatari ya pili ni ya ujuzi usioandikwa. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Wakulima wa India walikuwa wakiutumia mti huo tangu enzi. Ilichukua hadi mwaka 2000 hataza hiyo kufutwa, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti la India, CSIR, likaipinga kwa maandishi ya kale na ikafutwa mwaka 1997. Upande wa India ulishinda mara zote mbili, lakini ulikuwa na wanasayansi, mawakili, na vitabu vya karne nyingi. Kikundi cha akina mama wa Kwale au Mkuranga kina nini?

Kina sheria, kama itatumiwa. Sheria ya Kenya inahesabu kuwa ujuzi uliokwisha kujulikana kila kilichofikishwa kwa umma popote duniani, kwa maandishi, kwa maneno ya mdomo au kwa matumizi. Pishi la gundi lililofundishwa kwenye semina ya kijiji linahesabika. Tatizo ni kwamba mkaguzi aliyeketi mbele ya kompyuta hulipata lililoandikwa tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunavitaka vyuo vya ufundi, mashirika ya utafiti wa viwanda kama KIRDI na TIRDO, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, lenye ofisi mikoani, vikusanye mapishi ya gundi za mimea yanayotumika sasa, viyaandike kwa tarehe, vipimo na mahali, na viyaweke pale mkaguzi yeyote, wa Nairobi, Dar es Salaam au Harare, atakapoyaona. Kikundi kinachokubali pishi lake liandikwe hivyo kimejihakikishia kwamba hakuna mwingine wa kulifunga. Kinachodhani kwamba kina jambo jipya kweli kiombe ulinzi kwanza, kabla ya kulitangaza.

Tunajua pingamizi litakalotujia. Watu watasema masharti haya ni mazito kwa mvumbuzi maskini, asiye na maabara wala wakili, na kwamba wenye fedha ndio watakaoweza kuleta majedwali. Pingamizi hili ni la haki na linastahili jibu la vitendo. Kulegeza mtihani hakutamsaidia maskini. Mlango ukiachwa wazi, wa kwanza kupita ni mwenye wakili, naye atajaza maombi mengi ya michanganyiko ya kawaida kisha ageuke kuwadai wadogo. Kinachomsaidia maskini ni kupunguziwa gharama ya kuthibitisha. Majaribio tuliyoyataja hayahitaji mitambo ya mamilioni. Mengi hufanyika kwa mizani, ndoo, saa na jiko. Maabara za umma ziyafanye kwa ada ndogo kwa kila mtu binafsi na kikundi kilichosajiliwa, na ziwape matokeo yaliyogongwa muhuri.

Tena, si kila kitu kizuri lazima kiwe hataza. Sheria zetu zina cheti cha daraja la pili kwa maboresho madogo. Nchini Kenya hudumu miaka 10, na Tanzania miaka 7. Cheti hicho kinataka jambo liwe jipya na litumike katika uzalishaji. Hakidai hatua ya uvumbuzi. Mwombaji wa hataza anaruhusiwa hata kugeuza maombi yake kuwa ya cheti hicho kabla ya uamuzi kutolewa. Mtu aliyepata kipimo kizuri cha wanga na molasi kinachomfaa yeye na wateja wake, bila maajabu yoyote ya kisayansi, mahali pake ni hapo. Atapata muda wa kurudisha gharama zake, na umma hautafungwa miaka 20. Inasikitisha kwamba njia hii haitangazwi vya kutosha, na wengi wanakimbilia hataza kwa sababu ndiyo waliyoisikia. Ofisi za usajili ziiseme wazi kwenye kila dawati la mapokezi.

Kwa wakaguzi wenyewe tuna ombi moja lisilo na gharama. Msikatae maombi kwa sentensi moja isemayo viungo vinajulikana. Andikeni ni andiko lipi lililotaja kiungo cha kwanza, ni lipi lililotaja cha pili, ni sababu gani ingemfanya fundi aviunganishe, na kwa nini matokeo yangetabirika. Ni rahisi mno, baada ya kusoma maombi ya mtu, kurudi nyuma na kuuona kila uvumbuzi kuwa mwepesi. Kuandika sababu hatua kwa hatua ndiyo dawa ya upofu huo. Na mnapokubali, andikeni vilevile ni matokeo gani yaliyowashawishi, ili mshindani ajue mpaka uko wapi na mahakama ijue cha kupima.

Kwa wabunge wetu wa Nairobi na Dodoma, sheria iliyopo inatosha kwa swali hili. Hatuhitaji kifungu kipya kuhusu gundi wala kuhusu mimea. Tunahitaji bajeti ya wakaguzi wanaoijua kemia ya wanga na ya mbao, na bajeti ya maabara zitakazopima.

Nchi zetu zinaagiza gundi na resini kutoka nje huku mihogo, miwati, migunga na mabaki ya miwa yakiwa hapa. Yumo miongoni mwetu atakayepata mchanganyiko utakaofanya plaiwudi ya Mafinga ivumilie mvua au briketi ya Pwani isimomonyoke masika. Siku atakapouleta akiwa na vipimo mkononi, ofisi ya hataza impe miaka yake 20 bila kusitasita. Na mpaka siku hiyo, uji wa muhogo na molasi vibaki mali ya kila mwenye sufuria.